Eda Ndani ya Gari

Siku ya nane baada ya Mussab kuzikwa, nduguye Imad alikuja Frere Town na mtu wa chipsi ili kulipima gari. Mtu wa chipsi alikuwa na kibanda chake Kongowea, karibu na pale malori ya viazi yanaposhusha, na alikuwa akitafuta kitu kikubwa zaidi chenye dirisha la kuuzia. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole, akainama kutazama chini. Alipofika mlangoni akaona kigoda cha kukanyagia, juu ya kigoda pametandikwa kizulia, na kando ya kizulia zimepangwa kandambili za mke na za mtoto. Akavua viatu.

"Usivue," Imad akamwambia. "Hili ni gari."

"Nnaona zulia," akasema mtu wa chipsi, akaingia pekupeku.

Ndani alipima kwa macho, kisha kwa utepe. Alipima meza ya jiko la gesi, akapima kitanda cha kukunjwa, akafungua kabati akakuta vikombe vimetundikwa kwa masikio yao ili visianguke gari likienda. Sehemu ya nyuma hakuipima, kwa sababu huko palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alikuwako Ruwaida, mke wa marehemu, amekaa kitandani kavaa nyeupe tupu, anasikia kila neno. Mtu wa chipsi akauliza kwa adabu mama yule atakuwa ametoka lini. Imad akasema hilo ni jambo dogo.

Halikuwa dogo. Gari lile lilikuwa basi kuukuu la shule, na Mussab, fundi wa bodi, alikuwa amelinunua, akang'oa viti, akatia vitanda, tangi la maji, na choo huko nyuma chenye kumtosha mtu mmoja asiye mnene. Nia yake ilikuwa kulikodisha kwa familia zinazotaka kwenda kupiga kambi mbali na mji bila ya kulala chini. Kazi ilipochukua muda kuliko alivyodhani, kodi ya nyumba yao Magogoni ikawa mzigo, wakahamia humo humo garini, yeye na mke na binti yao Fairuz wa miaka minane, wakawa wanalala baina ya misumari na rangi mbichi. Adhuhuri moja Mussab alisema kifua kinambana, akajilaza, na Ruwaida aliyekuwa akikuna nazi hatua tatu kutoka hapo alidhani amelala.

Kwa hivyo eda alianza kuikalia pale pale. Hadeel, dadake Mussab na mkubwa wao wote, alikuja kumchukua ampeleke kwake Magogoni, kwenye chumba chenye dirisha na feni. Ruwaida akamwambia kwa upole kuwa mjane hukaa pale mumewe alipomwacha, naye ameachwa hapa. Ikabidi aitwe ustadh wa msikiti wa mtaani, mtu mpole asiyependa kupitisha neno kwa haraka. Ustadh aliuliza marehemu alimwacha wapi mkewe. Akaambiwa humu. Akauliza humu ni nyumbani ama ni garini. Hapo kila mmoja akawa na jibu lake. Mwisho akasema, ikiwa ni nyumba, mama akae humu miezi yake minne na siku zake kumi, asitoke ila kwa dharura. Ikiwa ni gari, gari si pahali pa kukalia eda, naahamie kwa wakwe. Ni nyumba ama ni gari, hilo akawaachia wenyewe, akanywa maji, akaenda zake.

Tangu hapo Imad alikuwa haliiti gari jina jingine ila gari, hata pasipokuwa na haja ya kulitaja.

*

Mussab hakuacha mtoto wa kiume. Ndugu zake wawili kwa hivyo walikuwa na fungu katika alichokiacha, na alichokiacha kilikuwa ni hicho kimoja. Ruwaida hakulipinga fungu la mtu. Alichotaka ni kubaki mahali ambapo yeye na mwanawe wangeweza kulala na pia kula, na hakukijua kitu kingine chochote duniani kilichokuwa na vyote viwili.

Mtu wa chipsi alipokuwa bado anakunja utepe wake, akatokea Dishon. Dishon alikuwa karani bandarini, anakaa Changamwe, kijana wa bara mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Alikuwa amebeba pakiti ya sukari na pakiti ya unga, akawapa pole wote kwa zamu, pamoja na mtu wa chipsi, kisha akasimama akichezea funguo. Alikuwa amelikodi gari kwa likizo ya Desemba kwenda upande wa Kipini, kwenye ziwa lililo nyuma ya vilima vya mchanga. Malipo alikuwa ameshatanguliza kwa marehemu mwenyewe. Hakutaka kusumbua watu wenye msiba. Alitaka tu kujua.

Imad akamweleza kuwa zile pesa zimeshakuwa matairi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka, akamweleza na hali yenyewe. Gari lisipokwenda, Dishon arudishiwe pesa zake, na pesa hazipo, basi liuzwe. Likienda, limebeba abiria likawapeleka Kipini, hilo ni gari, na gari la marehemu hugawanywa, basi liuzwe. Alitazama huku na huku kama anayengoja kuonyeshwa njia ya tatu.

Hadeel alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mkoba mapajani. Alikuwa na duka la vitambaa na mazoea ya kupima kabla ya kukata.

"Nyumba ya mjane aliye edani haiuzwi," akasema. "Na eda ikisha, atakayemtoa yatima ndani ya nyumba aliyoijenga babake, naasimame hadharani watu wamwone uso. Lakini gari, Imad kasema kweli. Gari ni gari."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, na Dishon, aliyekuwa hajui kama mna mtu, akarudi nyuma akakanyaga sukari aliyoileta.

"Litakwenda," Ruwaida akasema. "Nami nimo ndani. Sitashuka."

Hadeel akageuza kiti. "Mpaka Kipini?"

"Mpaka Kipini na kurudi, wifi. Ghanim ataendesha. Choo kimo, maji yamo. Nyumba ikienda na mwenyewe yumo, mwenyewe hakutoka."

Hadeel alilipima hilo. Ghanim ni kakake Ruwaida, nduguye wa damu, si mwanamume wa kando, hapo hapakuwa na la kusema. Mtoto angekuwa naye. Pazia lipo.

"Ukishuka," akasema mwisho, "hata unyayo mmoja, utakuwa umetwambia mwenyewe kuwa ni gari."

"Nitakuwa nimewaambia."

Imad akamnong'oneza mtu wa chipsi arudi baada ya wiki moja, na aje na fundi wa kukata dirisha.

*

Walioondoka na gari walikuwa Dishon, mkewe Jerioth aliyekuwa na mimba kubwa ya kufika miezi minane, na mamake Jerioth, Bi Pascalia, aliyekuja kutoka Busia kumngoja mjukuu. Safari yote ilikuwa kwa ajili yake yeye. Bi Pascalia alikuwa amezaliwa kando ya ziwa, na tangu afike Mombasa alikuwa hajayaheshimu maji yaliyoko. Alikuwa amepelekwa feri ya Likoni akayaonja, akatema, akauliza watu wa hapa wamemkosea nani. Dishon alipopata habari ya ziwa la maji matamu lililoko huku huku pwani, aliona hiyo ndiyo nafasi ya kumfurahisha mama mkwe bila ya kumkaribia.

Kumkaribia ndiko kulikokuwa hakuwezekani. Kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja. Kwa hivyo Bi Pascalia alikaa mbele kando ya Ghanim, na Dishon akakaa nyuma, mbele tu ya pazia, amewapa wote mgongo, anatazama dirishani barabara ikimkimbia. Alikuwa amefikiria mafuta, mkaa, dawa ya mbu na maji ya kunywa. Paa hakulifikiria.

Kwenye kizuizi cha barabarani, kabla ya Garsen, polisi aliuliza gari hili ni la nini. Ghanim, aliyejua kuwa karatasi zake zote ni za gari, akasema ni gari. Nyuma ya pazia Ruwaida akafumba macho. Afande akasema vyema, ikiwa ni gari, abiria wote washuke alikague. Wakashuka. Afande akaingia, akaliona pazia, akalinyoshea mkono.

"Wacha hiyo," Bi Pascalia akamwambia kutoka chini. "Huyo amefiwa na bwana. Hashuki."

"Mama, kila mtu anashuka."

"Kwenu wajane wanateremshwa barabarani?"

Afande hakusema kwao ni wapi. Alikagua taa za nyuma, akawatakia safari njema.

Baada ya hapo Bi Pascalia hakurudi kukaa mbele. Aliingia nyuma ya pazia na chupa ya soda na ndizi mbili, akakaa kitandani kwa Ruwaida bila ya kuulizwa, akataka kuelezwa eda ni kitu gani hasa. Ruwaida akamweleza: kutotoka, kutojipamba, kutojitia manukato, na muda wenyewe. Bi Pascalia alisikiliza akimenya ndizi.

"Sisi pia tuko na yetu," akasema. "Lakini si siku hizo zote. Kuna ng'ombe."

Akamtazama tena, akamwekea ndizi ya pili mkononi. "Umelia?"

Ruwaida akasema watu walikuwa wengi. Kisha mambo yakawa mengi.

*

Ziwa lilikuwa pale lilipoambiwa liko. Upande mmoja mlikuwa na mayungiyungi na ndege weupe wenye miguu mirefu, na upande wa pili vilima vya mchanga vimesimama kama vimewekwa jana, vikubwa, laini, rangi ya unga wa mahindi uliokaa. Nyuma ya vilima bahari ilikuwa ikisikika lakini haionekani. Ghanim aliliegesha gari penye ardhi ngumu chini ya mkunazi, mlango ukaelekea mchangani. Bi Pascalia aliteka maji kwa kiganja, akanywa, akateka tena.

"Haya sasa ni maji," akasema, na Dishon, aliyesimama mbali amegeuka, akatikisa kichwa kwa furaha.

Walikaanga samaki, wakala kwa mafungu mawili. Ruwaida alikula lake ndani, na Fairuz akawa anapeleka na kurudisha sahani, kila mara anaingia na mchanga miguuni, na Ruwaida kila mara anaufagia. Ilipoingia magharibi Jerioth akapanda kutandika vitanda. Hapo Bi Pascalia, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda cha mlangoni anajipepea, akauliza Dishon atalala wapi.

Jerioth akasema ni humu humu.

"Humu hapana," akasema Bi Pascalia.

"Mama, si umekaa humu naye tangu asubuhi?"

"Mchana hii ni gari. Mtu amekaa, amevaa viatu, anaenda. Lakini mtu akishavua viatu akalala, hiyo ni nyumba. Mimi siezi lala nyumba moja na mkwe. Nikilala hapo na huyo, nitarudi Busia niseme nini?"

Nyuma ya pazia Ruwaida aliinua uso. Lilikuwa ni neno alilolingoja kwa wakwe zake wiki nzima, na sasa linasemwa na mgeni wa Busia kwa sababu zake mwenyewe. Alitamani kungekuwa na njia ya kulifunga kwenye leso akarudi nalo.

Dishon hakubishana. Alichukua turubai na shuka, akatafuta penye kichaka, akarudi kuuliza kupitia kwa mkewe kama kivuli cha gari nacho kinahesabiwa. Akaambiwa asogee. Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba kwa mbu mpaka jicho moja halifunguki, akasema kuwa amelala vizuri sana.

*

Alasiri ya siku ya pili mkanda wa feni ulionekana umechanika, Ghanim akapanda bodaboda kwenda Kipini kutafuta mwingine. Wanaume wakabaki mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa hana faida.

Bi Pascalia alitaka kuliona ziwa zima kwa mara moja. Akapanda kilima cha mchanga kilichokuwa mbele ya mlango, fimbo mkononi, taratibu, akipumzika, na Ruwaida akamfuata kwa macho dirishani mpaka alipofika kileleni. Alisimama pale muda mrefu, mkono juu ya macho. Kisha akataka kushuka, na magoti yakakataa. Kila alipoweka mguu mchanga ulikimbia ukaenda nao. Akakaa.

Jerioth alikuwa wa kwanza kumwendea. Mimba ikamrudisha, akafika robo ya kilima akazama mpaka shavu la mguu, naye akaketi pale alipofika, anafikicha macho yaliyoingia mchanga. Dishon alisimama chini kabisa, mgongo kwa kilima, akitoa maelekezo kwa sauti kubwa.

"Mwambie ashuke kwa upande, kama ngazi!"

"Hakuna ngazi," Jerioth akamjibu, macho yamefumbwa.

Na upepo ukaanza. Ulikuwa ukitoka baharini kila alasiri, na jana waliupisha ndani ya gari wakinywa chai. Ulimkuta Bi Pascalia amekaa kileleni peke yake, amevaa gauni jepesi la mtumba, pana chini, zuri kwa joto la Changamwe. Upepo ukaingia chini ya gauni ukalinyanyua. Akalishusha kwa mkono mmoja, likapanda upande wa pili. Akalishika kwa mikono miwili, fimbo ikateremka kilima chote ikasimama karibu na miguu ya Dishon. Dishon akajua bila ya kuambiwa. Alifunika uso kwa mfuniko wa sufuria uliokuwa karibu, juu ya mgongo aliokuwa ameshaugeuza, akabaki hivyo katikati ya nyika kama mtu anayeogopa jua.

Ruwaida alichukua leso mbili, akamwita Fairuz, akamwambia panda umpelekee bibi ajifunge. Fairuz alipanda mbio, mwepesi. Leso moja ilitoka mkononi mwake kabla hajafika, ikaenda zake ziwani. Ya pili Bi Pascalia aliipokea, na ili aifunge ilibidi aliache gauni, na alipoliacha gauni lilimfunika kichwa. Fairuz akarudi chini, anahema.

"Bibi asema umwambie mkwewe asigeuke."

"Hakugeuka."

"Asema hana nguvu tena ya kushika."

Ruwaida alisimama mlangoni. Alijua Ghanim atarudi. Labda baada ya nusu saa, labda saa nzima, lakini atarudi, na Bi Pascalia hatakufa kwa upepo. Alijua pia, kwa kuwa alielezwa mwenyewe jana kitandani na ndizi mkononi, kuwa mama mkwe akionekana na mkwe hali ile, hakuna maji ya kuosha, si ya chumvi wala matamu, na kwamba mtu aliyesimama na mfuniko usoni atachoka mkono wakati fulani. Alimtazama yule mama, kajikunja kileleni kama furushi linalofunguka.

Akatandua shuka la kitandani, akaweka mguu kwenye kigoda, kisha mchangani.

Mchanga ulikuwa wa moto kuliko alivyodhani. Alipanda kwa mikono na miguu. Alipofika alimzungushia Bi Pascalia shuka mara mbili, akalifunga fundo mgongoni, akakaa nyuma yake akamshika kiunoni. Pale juu alikuwa chini ya mbingu mara ya kwanza tangu adhuhuri ile. Ziwa lilikuwa upande huu, bahari upande ule, na baina yake kamba nyembamba ya mchanga.

"Si hukutakiwa kushuka?" Bi Pascalia akauliza bila ya kugeuka.

"Sikutakiwa."

"Haya. Tushuke basi."

Waliteremka wamekaa, wameshikana, mmoja nyuma ya mwingine kama watoto juu ya kuti la mnazi. Mchanga ukawakimbiza. Katikati Bi Pascalia alipiga yowe moja fupi, akamtaja Yesu, na Ruwaida akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka kikubwa, kikaendelea mpaka chini, na walipofika chini kilikuwa kimeshageuka kuwa kitu kingine, akakaa amelaza uso kwenye mgongo wa yule mama, anatetemeka, na Bi Pascalia akabaki amekaa hivyo hivyo, hakusogea, mpaka kikaisha.

Fairuz alikuwa amesimama kando. Alikuwa hajamwona mamake akilia.

*

Jioni kila mtu alijieleza bila ya kuulizwa. Bi Pascalia alisema yeye alikuwa ametazama mbele, nyuma yake hakuona mtu. Jerioth alikuwa na mchanga machoni. Dishon alikuwa amegeuka, na mfuniko juu yake. Ghanim alikuwa Kipini. Wote walikuwa wakisema kweli, na walifurahi kuona jinsi kweli ilivyowatosha. Ruwaida aliwashukuru.

Alipokuwa akimwosha Fairuz miguu, mtoto akauliza, "Mama, ami Imad akiniuliza nimwambieje?"

Ruwaida akamwosha mguu wa pili.

*

Gari lilipoingia Frere Town, Imad alikuwa ameshafika, na mtu wa chipsi, na fundi wa kukata dirisha mwenye mashine yake ndani ya gunia. Hadeel alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Walisalimiana sana, wakaulizana hali za safari, barabara, mbu. Jicho la Dishon likapewa pole. Kisha Imad akaanza.

Alimuuliza Ghanim. Ghanim akasema hakuona dadake akishuka. Alimuuliza Dishon, akapata jibu lile lile. Akamuuliza Jerioth. Bi Pascalia hakumuuliza, kwa sababu alimtazama na akaona atakavyojibiwa. Basi akachuchumaa mbele ya Fairuz, akatoa mfukoni pakiti ya kashata, akaifungua.

"Fairuz, mwanangu. Wewe husemi uwongo. Mamako alishuka?"

Fairuz aliitazama kashata, kisha akalitazama dirisha lenye pazia. Mikono aliiweka nyuma.

"Usimuulize mtoto," akasema Ruwaida kutoka ndani. "Nilishuka."

Imad akainuka. Fundi akaanza kufungua gunia.

Hadeel akauliza ilikuwaje. Ruwaida akasimulia bila ya kupamba. Mama wa watu alikuwa juu, upepo ukamvua, mkwewe yuko chini. Hadeel akamtazama Bi Pascalia, Bi Pascalia akalitazama tairi.

"Hiyo yaweza kuwa dharura," Hadeel akasema.

"Ghanim alikuwa njiani, wifi. Ningeweza kungoja. Sikungoja. Na nilicheka. Edani. Nilicheka na nduguyo hajamaliza hata mwezi chini, na kwa yote mawili nimeomba toba tangu Kipini mpaka hapa. Nikaona nanyi niwaambie, kwa kuwa nyinyi ndio wenye msiba pamoja nami."

Barabarani akapita muuza maji na mkokoteni, wakamngoja apite.

"Basi," akasema Imad. "Kasema mwenyewe. Ni gari."

Hadeel alikuwa akiufungua na kuufunga mkoba wake. "Imad," akasema, "wewe hushuka gari kila siku. Kwenda Kongowea, kurudi Kongowea."

"Eh."

"Umewahi kuomba toba?"

Imad akasema hayo siyo waliyokubaliana.

"Tulikubaliana atatwambia mwenyewe, naye katwambia. Mtu hatubii kwa kushuka gari, yakhe. Hutubia kwa kutoka nyumbani." Akamgeukia fundi, akamwambia afunge gunia lake. Mtu wa chipsi alimwambia fundi, kwa sauti ya chini na ya heshima, kuwa kuna kontena Changamwe ameliona, si baya.

Kisha Hadeel akanyanyuka kwenye kiti, akaliendea gari, akapanda, akaingia nyuma ya pazia. Nje walisikia kitanda kikilia kwa uzito wa mtu wa pili. Baada ya muda walisikia pua ikipengwa, isijulikane ya nani.

Imad alibaki amesimama mbele ya mlango na pakiti ya kashata.

"Na fungu langu?" akauliza.

"Fungu lako liko humu," Hadeel akamjibu kutoka ndani. "Ukitaka kuja kulitazama, bisha hodi."

Imad aliutazama mlango, akawatazama watu, akautazama tena mlango.

"Hodi," akasema. Hakujibiwa upesi, ikabidi aseme tena.